Kabla ya Kumpa Mkuu wa Shule Tuzo, Muulize Karani

Mkuu wa shule wa kwanza niliyempigia kura apewe tuzo hakustahili, na kura yangu ndiyo iliyompitisha. Tulikuwa watano kwenye kamati, wawili huku na wawili kule, nami katikati nikiwa na faili lake mkononi. Lilikuwa faili lililonona: ufaulu uliopanda miaka mitatu mfululizo, picha za madarasa yaliyopakwa rangi, barua ya mwenyekiti wa bodi iliyojaa sifa. Nikasema apewe. Akapewa, tukapiga makofi, tukapiga na picha.

Miezi michache baadaye nilipita shuleni kwake kwa shughuli nyingine kabisa. Nikiwa nasubiri kwa karani, macho yakatua kwenye ubao wa idadi ya wanafunzi uliokuwa ukutani. Kidato cha pili kilikuwa kimefurika. Cha nne kilikuwa kimepukutika. Nikamuuliza karani, kama utani tu, hawa wengine wamekwenda wapi. Akajibu bila kuacha kugonga mihuri: "Wanaoonekana hawatafaulu, wazazi wao huitwa wakashauriwa wawahamishe kabla ya usajili wa mtihani." Kisha akainua uso. "Ile tuzo mlipokuwa mnaitafutia mtu, mbona hakuna aliyeniuliza?"

Hakuna aliyemuuliza kwa sababu hakuna aliyefika. Tulisoma faili, basi.

Tangu hapo nimekaa kwenye kamati nyingine, na nimewapendekeza wakuu wa shule kadhaa kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo namwandikia mtu yeyote anayetaka kumtambua mkuu wa sekondari aliyewapa watu moyo wa kusoma na kufundisha: mzazi, mjumbe wa bodi, mwalimu aliye chini yake, au mwanafunzi aliyemaliza zamani na bado anamkumbuka.

Nianze na matokeo ya mtihani, maana huko ndiko kila mtu hukimbilia. Sisemi yapuuzwe. Shule ambayo watoto hawafaulu ina jambo la kujibu, na mkuu wake pia. Ila asilimia ya ufaulu haina maana mpaka ujue ni asilimia ya wangapi. Omba idadi ya walioanza kidato cha kwanza, kisha idadi ya waliokaa kwenye chumba cha mtihani miaka ile ilipotimia. Uliza waliopungua walikwenda wapi. Mkuu mzuri ana majibu, mara nyingi kwa majina: huyu alihama na wazazi, huyu aliugua, huyu tulimpoteza na mpaka leo inaniuma. Mkuu wa aina ile nyingine atakuonyesha jengo jipya. Donald Campbell, mwanasaikolojia wa Marekani, alishaonya miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kimoja kinavyotumika kufanyia maamuzi, ndivyo watu wanavyokichezea, na ndivyo kinavyoharibu kazi iliyokusudiwa kupimwa. Mimi nilihitaji karani anifundishe somo hilo.

Ugumu ni kwamba kazi ya mkuu wa shule haionekani kirahisi. Mwalimu wa darasani unaweza kukaa nyuma ukamtazama. Ndiyo maana tuzo kubwa za dunia humwendea zaidi mwalimu wa darasani, kama ile ya Varkey Foundation ya dola milioni moja iliyoanza kutolewa mwaka 2015. Mkuu wa shule kazi yake hupita kwenye mikono ya wengine kabla haijamfikia mwanafunzi. Mwaka 2004 mtafiti wa elimu Kenneth Leithwood na wenzake walipitia tafiti nyingi wakahitimisha kwamba, miongoni mwa mambo yanayotokea ndani ya shule, uongozi unashika nafasi ya pili baada ya ufundishaji wenyewe kwa kuathiri kujifunza kwa wanafunzi, na kwamba athari hiyo kwa sehemu kubwa hupitia kwa walimu. Basi ukitaka kumwona mkuu, tazama walimu wake.

Hapo inabidi nimtaje mkuu aliyenilea mimi kazini. Nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia, naogopa kila kitu, na vipindi vyangu vilipangwa vya mwisho kabisa mchana, saa ambayo hata mimi nilikuwa nasinzia. Siku moja mama yule aliingia darasani kimya, akakaa dawati la nyuma. Hakuwa na fomu wala kalamu. Alikaa kipindi kizima. Nilijua nitaitwa ofisini, na kweli nikaitwa, ila hakusema lolote kuhusu ubao wangu mchafu wala jaribio la umeme lililogoma kuwaka. Aliniuliza swali moja: "Yule msichana anayekaa dirishani, mara ya mwisho umemuuliza swali lini?"

Sikuwa na jibu. Hakungoja jibu. Akaniambia niende nikapumzike.

Muhula uliofuata ratiba ilitoka na fizikia yangu ikiwa asubuhi. Pia, kila walipoletwa wawezeshaji wa kutufundisha mbinu mpya, mkuu hakuwa anafungua semina kisha anaondoka kwenda kwenye "kikao cha dharura". Alikaa nasi, akafanya zoezi tulilopewa, akakosea, akacheka, akarudia. Wakati ule niliona ni unyenyekevu tu. Baadaye nilikuja kusoma uchambuzi wa Viviane Robinson na wenzake wa mwaka 2008, uliolinganisha aina mbalimbali za uongozi wa shule. Iliyoonekana kuwasaidia wanafunzi zaidi ni ile ya mkuu anayehimiza walimu wajifunze na yeye mwenyewe akashiriki kujifunza pamoja nao. Niliposoma nilimwona yule mama kwenye kiti cha plastiki, kalamu mdomoni, akihangaika na zoezi.

Kwa hiyo ukifika shuleni kumchunguza unayetaka kumpendekeza, waulize walimu, mmoja mmoja, mbali na ofisi: mkuu aliingia darasani kwako lini mara ya mwisho, na mlipotoka mliongea nini? Usiwaulize kama ni kiongozi mzuri, watasema ndiyo, nani hataki amani? Swali la lini na nini halina pa kujificha. Ukiambiwa "huwa anapita kukagua kama tumevaa vizuri na tumeandaa andalio la somo", umepata jibu. Ukiambiwa "alinibishia, tukabishana wiki nzima, mwishowe nikabadilisha", umepata jibu jingine, na hilo ndilo la kuandika.

Halafu nenda kwa karani. Nenda kwa mhasibu, kwa mlinzi wa getini, kwa anayefagia. Hawa wanamwona mkuu asipokuwa jukwaani. Mlinzi anajua nani hufika kwanza na nani huondoka na gari la shule siku isiyo ya kazi. Mhasibu anajua mwanafunzi asiye na ada huitwa ofisini kwa faragha au hutajwa mstarini mbele ya wenzake. Na kama inawezekana, mtafute mwanafunzi aliyewahi kusimamishwa masomo. Siyo kiranja mkuu, huyo amechaguliwa kwa kusema vizuri. Mtukutu aliyeadhibiwa na bado anasema "alinitendea haki" ana uzito kuliko barua kumi za pongezi.

Jaribio jingine ninalolipenda: fika siku ambayo mkuu amesafiri. Kama vipindi vinaendelea, walimu wako madarasani na mwalimu wa zamu anajua afanye nini bila kupiga simu tatu, huyo mkuu amejenga kitu. Kama shule imelegea kama kamba iliyokatwa, ulichokuwa unakiona siku zote ni woga. Nimewahi kuwaona wakuu wakali sana ambao shule zao hazikutetereka walipoondoka, na nimewaona wapole, wenye maneno ya asali, ambao nyuma yao hakukubaki hata ratiba. Ukali na upole visikudanganye.

Wala sauti isikudanganye. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika kuhusu maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima askari wao kwa vigezo mbalimbali. Aligundua kwamba aliyeonekana mzuri kwa kigezo kimoja, hata umbo lake tu, alipewa alama nzuri na kwa vingine, akili na uongozi vikiwemo. Kamati za tuzo huangukia shimo hilohilo. Mkuu mrefu, sauti nzito, hotuba safi, akimaliza kuzungumza kila mtu anadhani amemwona kiongozi. Mama yule wa kwangu alikuwa na sauti ndogo kiasi kwamba mstarini tulisogea mbele ili tumsikie. Kwa faili peke yake asingepita popote.

Ukishajiridhisha, kuna kuandika pendekezo, na hapa ndipo watu wengi huwaangusha watu wazuri. Nimesoma mapendekezo yanayoanza na kuisha kwa "ni kiongozi mwenye maono, mchapakazi, mcha Mungu na mwenye upendo kwa wote". Ukifuta jina ukaweka la mwingine, hakuna kinachoharibika. Andika vitendo. Andika tukio moja na ulipe nafasi: hali ilikuwaje, alifanya nini, nani alipinga, nini kilibadilika, nani alifaidika. Pendekezo lililowahi kunifanya nisimame nikatembee chumbani lilikuwa la ukurasa mmoja, la mwalimu aliyeeleza jinsi mkuu wake alivyomrudisha darasani msichana aliyejifungua. Alikaa na wazazi waliokataa, akakaa na walimu waliokataa zaidi ya wazazi, akamwekea mwalimu wa kumfidia vipindi alivyokosa. Mwandishi hakutumia neno "maono" hata mara moja. Aliongeza pia kwamba mwaka wa kwanza mpango ule ulishindikana, binti aliacha tena, na mkuu akakiri kikaoni kwamba alikuwa ameharakisha. Usiogope kuandika alipokosea. Kamati yenye macho huamini zaidi sura yenye kovu.

Kuhusu lini, wengi hungoja Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba, inayoadhimishwa tangu 1994 kukumbuka pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu. Ni siku nzuri, itumie. Ila ukingoja siku rasmi utawakosa wanaostaafu mwezi wa tatu.

Na zawadi yenyewe? Angalia isije ikamgombanisha na watu wake. Ukimpandisha mkuu jukwaani peke yake huku walimu waliobeba mzigo wamekaa chini ya mti wanapiga makofi, kesho yake ofisi ya walimu itakuwa na baridi. Ranjitsinh Disale wa India aliposhinda tuzo ya Varkey mwaka 2020, aligawa nusu ya fedha kwa walimu tisa waliofika naye fainali. Si lazima umngoje mshindi awe na roho hiyo, panga wewe mapema: zawadi iwe na sehemu ya shule, vitabu, vifaa vya maabara, au siku za mafunzo kwa walimu aliowachagua. Muulize pia kama anataka jukwaa. Wapo wanaoteseka wakitajwa hadharani, na barua ya mwanafunzi wa zamani inawafaa kuliko kombe. Jambo moja lisilo zawadi ni kumhamisha kwenda kuokoa shule iliyoshindikana kwa sababu "huyu anaweza". Nimeliona likifanyika, shule moja ikauawa kujaribu kufufua nyingine.

Mkuu wangu hakuwahi kupewa tuzo yoyote. Nilipojua amestaafu niliona aibu, nikakaa nikamwandikia barua ya kurasa tatu. Nilimweleza habari za msichana wa dirishani, ambaye sasa ni mhandisi. Nilimshukuru kwa kuingia darasani bila kalamu, kwa kukosea mbele yetu, na kwa kuihamisha fizikia yangu ikawa asubuhi, kitu ambacho naamini ndicho kilichonifanya nisiache ualimu.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kwa mwandiko uleule wa ubaoni. Alisema marahaba, alifurahi, amesoma mara mbili. Kisha: "Ila ratiba siyo mimi. Mwalimu wa taaluma ndiye aliyeona unachoka mchana akaja kuniomba abadilishe, mimi nilikubali tu. Mwandikie na yeye, yuko hai, nakutumia anwani yake."

Nimeshamwandikia. Bado hajajibu.