Faiawali Imewashwa, Mbona Wameingia? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ulinzi wa Seva za Linux

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, nami ndiye ninayeitunza seva ya shule, ambayo tumeikodi nje ya nchi na inatumia Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Humo umo mfumo wa matokeo ya wanafunzi, na fundi aliyetufungia mfumo aliweka Redis, programu ya kuhifadhi data, ndani ya kontena la Docker, yaani kisanduku kinachoitenga programu na sehemu nyingine za seva. Hivi karibuni mfumo ulianza kusuasua, na nilipoendesha amri ya top niliona programu iitwayo kdevtmpfsi ikimeza karibu nguvu yote ya prosesa. Nikiiua, baada ya muda mfupi inarudi. Ufw, yaani faiawali ya Ubuntu, nilikwisha kuiwasha zamani na kuruhusu poti (milango ya mtandao) 22, 80 na 443 pekee. Wamepita wapi, na sasa nifanye nini?

JIBU: Ndugu mwalimu, pole sana. Jina uliloliona limechaguliwa kwa makusudi: ndani ya Linux kuna kazi halali ya keneli, yaani kiini cha mfumo, iitwayo kdevtmpfs, na wadukuzi wameongeza herufi moja tu mwishoni ili anayepitisha macho haraka asishtuke. Programu hiyo huchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa kutumia prosesa za watu wengine, na huletwa na programu hasidi ya Kinsing, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikizunguka katika intaneti ikitafuta Redis, Docker na huduma nyingine zilizoachwa wazi. Inarudi kila unapoiua kwa sababu haiko peke yake. Kuna mchakato mwingine, mara nyingi wenye jina la kinsing, unaoiangalia na kuiwasha upya, na aghalabu kuna pia mstari uliopachikwa katika cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha, ambao hupakua skripti yake kutoka nje kwa curl au wget.

Kuhusu ufw, ninaomba kila mwenye Docker asome kwa makini, kwa kuwa jambo hili huwapata hata mafundi wazoefu. Unapoandika -p 6379:6379, yaani kufungua poti 6379 ya Redis, wakati wa kuwasha kontena, Docker huandika kanuni zake yenyewe katika iptables, orodha ya kanuni za faiawali ndani ya Linux. Pakiti inayokuja kutoka nje kuelekea poti hiyo hubadilishwa anwani mapema na kuelekezwa kwenye kontena, kwa hiyo hupita katika mnyororo (safu ya kanuni) wa FORWARD, wala haifiki kamwe katika mnyororo wa INPUT ambako kanuni zako za ufw zinaisubiri. Ndiyo maana amri ya ufw status ilikuonyesha poti tatu, nawe ukalala usingizi, ilhali poti ya nne ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Tena Redis yenyewe, ambayo tangu toleo la 3.2 ina kinga ya kuwakataa wageni pale isipowekewa nenosiri, huizima kinga hiyo katika imeji yake rasmi ya Docker, yaani kifurushi kinachoundia kontena, ili makontena yaweze kuwasiliana kwa urahisi. Mambo hayo mawili yakikutana, mgeni yeyote huweza kuiamuru Redis yako bila kuulizwa chochote.

Dawa yake ni fupi. Kama Redis inatumiwa na makontena mengine ya seva hiyo hiyo, ondoa kabisa mstari wa -p, kwa sababu makontena yaliyo katika mtandao mmoja wa Docker uliouunda mwenyewe (si ule wa bridge unaokuja tayari) hufikiana kwa majina bila kufunguliwa poti yoyote nje. Kama ni lazima programu iliyo nje ya kontena iifikie, andika 127.0.0.1:6379:6379, na uiwekee Redis nenosiri refu. Kisha endesha sudo ss -tlnp, inayoorodhesha poti zinazosikiliza, na usome safu ya anwani: palipoandikwa 127.0.0.1 ni pa ndani tu, palipoandikwa 0.0.0.0 au [::] panasikiliza anwani zote za seva, na kila mstari wa namna hiyo unapaswa kuwa na sababu unayoweza kuieleza mbele ya mkuu wa shule. Usiishie hapo. Ichunguze seva kwa nmap, programu ya kutafuta poti zilizo wazi, kutoka kompyuta iliyo nje, kwa sababu kinachohesabika ni kile anachokiona mtu wa nje, si kile ambacho ufw inasema imekizuia.

Seva iliyoingiliwa usijaribu kuisafisha. Ninajua kwamba kuisafisha kunaonekana kuwa njia ya mkato, hasa msimu wa matokeo ukiwa karibu, lakini aliyewahi kuendesha amri ndani ya mashine yako anaweza kuwa ameongeza ufunguo wake katika faili la authorized_keys, lenye funguo zinazoruhusiwa kuingia, au huduma mpya katika systemd, inayowasha huduma za mfumo, au amebadilisha programu ambayo wewe mwenyewe unaitumia kumtafuta. Andaa seva mpya, hamisha kanzidata peke yake, usihamishe programu wala skripti, kisha badilisha nywila na funguo zote zilizowahi kukaa katika seva ya zamani. Kabla ya kufungua mfumo, linganisha sampuli ya matokeo na karatasi za alama walizo nazo walimu wa masomo. Wachimbaji wa sarafu kwa kawaida hawana haja na alama za mtoto yeyote, lakini mlango waliopitia wao ungeweza kupitiwa na mwingine mwenye haja nazo. Taarifa za wanafunzi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mkuu wa shule aelezwe mapema, na aelezwe ukweli wote.

SWALI: Mimi ninaandika kutoka Mombasa. Nilihamisha SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, kutoka poti 22 hadi 2222 na kufunga fail2ban, inayozuia anwani zinazokosea nywila mara nyingi, nikashauriwa pia kuzima nywila. Nimeandika PasswordAuthentication no katika sshd_config, faili la mipangilio ya SSH, na kuiwasha huduma upya, lakini bado seva inaniuliza nywila na kuipokea. Tatizo ni nini?

JIBU: Kwa kuwa seva nyingi za kukodi zenye Ubuntu huandaliwa na cloud-init, programu inayopanga seva mpya, angalia kwanza faili la /etc/ssh/sshd_config.d/50-cloud-init.conf. Huko mara nyingi kumeandikwa PasswordAuthentication yes, na kwa kuwa folda hiyo huitwa na mstari wa Include ulio juu kabisa ya sshd_config, na sshd (huduma ya SSH kwenye seva) hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, neno lako lililo chini halisikilizwi. Badilisha katika faili hilo, au andika faili lako ambalo jina lake linaanza na 00 ili lisomwe kabla ya jingine. Kisha usiamini faili, iulize huduma yenyewe kwa sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication.

Kabla ya kuzima nywila, tengeneza ufunguo katika kompyuta yako kwa ssh-keygen -t ed25519, uupe nenosiri lake, uupeleke kwenye seva kwa ssh-copy-id, na usilifunge dirisha la kwanza mpaka uwe umeingia kwa ufunguo kupitia dirisha la pili. Kuhamisha poti hupunguza kelele katika kumbukumbu za mfumo na si zaidi ya hapo. Fail2ban inasaidia, lakini wavamizi wa leo hugawa majaribio yao katika maelfu ya anwani, kila anwani ikijaribu mara chache, na fail2ban huwaona kama watu waliokosea tu. Pasipo na nywila ya kukisiwa, majaribio yao yote ya kukisia hayawafikishi popote.

SWALI: Ninatunza seva ya chama cha ushirika huko Mwanza. Tangu nisome habari za xz, programu ya kubana mafaili iliyopachikwa mlango wa siri, ninaogopa kusasisha, nisije nikajiletea sumu mwenyewe. Je, si salama zaidi kusubiri?

JIBU: Hofu yako ina msingi. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yalikuwa na mlango wa siri, baada ya yeye kuona kwamba kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Lakini angalia ulikofika: ulikuwa umeingia katika Debian ya majaribio na Fedora iliyokuwa bado haijatolewa rasmi (zote ni mifumo ya jamii ya Linux), wala haukufika katika Debian 12 wala katika Ubuntu LTS (zinazohudumiwa kwa muda mrefu) zilizokuwa zikitumika wakati huo. Aliyekuwa katika toleo imara hakuguswa.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Julai 2024, kampuni ya Qualys ilitangaza dosari katika OpenSSH, programu inayoendesha SSH, kuanzia 8.5p1 hadi 9.7p1, iliyoweza kumpa mvamizi mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa seva) bila nywila, na safari hii Debian 12 na Ubuntu 22.04 zilikuwemo. Aliyekataa kusasisha kwa hofu ya xz alibaki na shimo hilo. Kwa maoni yangu kusubiri ni hatari kubwa zaidi kwa mtu wa hali yako: baki katika toleo imara, washa unattended-upgrades, inayosasisha yenyewe, kwa masasisho ya usalama peke yake, na upange usiku mmoja wa kuwasha seva upya kila lionekanapo faili la /var/run/reboot-required, kwa sababu keneli mpya iliyokaa kwenye diski hailindi chochote mpaka mashine iwashwe nayo. Hakikisha pia kwamba toleo lako bado linahudumiwa. CentOS 7 ilifika mwisho tarehe 30 Juni 2024, na huduma ya kawaida ya Ubuntu 20.04 ilikoma mwaka 2025. Kama ushirika wenu uko katika mojawapo ya hizo, kuhama ndiyo kazi ya kwanza, na mengine niliyoyataja yafanyike katika seva mpya.