Nihamie Reaper au nibaki FL Studio?

Ndugu, unauliza kama uachane na FL Studio, programu yako ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta, uhamie Reaper, programu nyingine ya kazi hiyo inayokubali mifumo yote miwili, kwa sababu mwenzako hapo studio, Nkuhungu (Dodoma), kompyuta yake inatumia mfumo wa Linux na wewe uko Windows. Kazi za kwaya ulizokwisha kuzianza zimalizie hukohuko, maana Reaper haifungui mradi wa FL. Mwenzako akitaka kuchanganya, mtolee kila sauti peke yake kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), zote zianzie sekunde sifuri ya wimbo ili zilingane. Reaper ina siku 60 za majaribio na leseni nafuu ni dola 60, sasa haraka ya nini? Kasheshe ni plagini, yaani viprogramu vya ziada vya ala na madoido ya sauti: za Windows hazifunguki Linux hivihivi. Mimi ningeipima Reaper kwa kurekodi zeze na malimba ya Kigogo pamoja na waimbaji. Biti? Bado ningegongea FL.