Kuandamana siku ya kazi: majibu kwa wasomaji

*Je, ni lazima tuombe kibali cha polisi? (Langoni, Lamu)*

Hapana, na swali hili linanichosha sasa. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imekwisha kutoa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa ya maandishi tu, ifike kituoni siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, ikitaja mwandalizi, njia na saa. Bakini na nakala yenye muhuri.

*Mimi ni mhudumu wa hoteli Malindi. Nikimwambia meneja kuwa naumwa, kisha nikaenda kuandamana, kuna ubaya?*

Upo, dada yangu. Picha za maandamano humfikia meneja kabla hujarudi nyumbani, na hapo utakuwa na makosa mawili badala ya moja. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahesabu kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa kubwa, ambalo mtu anaweza kuachishwa kazi papo hapo, na haki ya kuandamana haikuondolei wajibu huo. Omba siku moja katika likizo yako ya mwaka, ambayo haipungui siku 21 za kazi kwa aliyetimiza miezi 12, na uiombe kwa maandishi. Sheria haikudai ueleze unakokwenda. Akikataa nawe ukaenda, ujue umejitia hatarini kwa hiari yako. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinamlazimu akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua, kabla ya kukufukuza.

*Huo si mgomo?*

Si mgomo. Mgomo ni wa mgogoro na mwajiri na una taarifa yake ya siku 7. Anayeandamana dhidi ya serikali, kwa mfano kwa sababu ya kodi inazotoza, amekosa kazini tu.

*Sisi wavuvi hatuna bosi. Tutoke Ijumaa baada ya swala, tukusanyike Mkunguni?*

Siku hiyo watu hupatikana, nakubali, lakini Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, husubiri siku ya mahakama inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa alasiri huenda akalala rumande hadi Jumatatu. Chagueni Jumanne. Tena msisahau kwamba Ibara hiyo ya 37 inataja pia kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka: fidia ya shilingi bilioni 1.76 ambayo Mahakama Kuu iliwapa wavuvi wa Lamu mwaka 2018 kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya Lamu, na kufutwa kwa leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu mwaka 2019, vyote vilitoka kwenye majalada ya kesi. Wanaotembea barabarani bila kuandika chochote huwapa wakubwa nafasi ya kusema hawakuelewa tulitaka nini.

*Nikikamatwa, naweza kupoteza kazi?*

Unaweza, ikiwa kosa unalotuhumiwa lina adhabu ya kifungo nawe hukuachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine halali ndani ya siku 14. Tafuta mdhamini kabla ya kutoka nyumbani.