Mkija Iringa kikundi msiishie kulala tu

Vikundi vingi vikija Iringa ratiba inakua ile ile, mnashuka usiku mmechoka, mnalala, alfajiri safari ya hifadhi ya Ruaha, mji wenyewe mmeuona kwenye kioo cha gari tu. Mimi huwa nazungusha ndugu na marafiki hapa na naomba sana, upeni mji siku moja nzima, kwa miguu.

Anzeni Boma, lile jengo la Wajerumani ambalo siku hizi ni makumbusho. Pale mnapata habari za Wahehe na vita vyao, jinsi jeshi la chifu wao Mkwawa lilivyowapiga Wajerumani Lugalo Agosti 1891 na kamanda wao Zelewski akafia hapo hapo. Mkishasikia hayo ndo mtaelewa kwa nini watu wa huku wakitaja Kalenga wanataja kwa heshima, fuvu la Mkwawa lilirudishwa toka Ujerumani 1954 na lipo pale, ni nje ya mji kidogo hivo hapo chukueni gari. Ila mjini tembeeni jamani, Soko Kuu, Miomboni, Mshindo, mnasalimiana na watu, mnanunua vikapu vya milulu kwa kina mama bila haraka ya dereva anayepiga honi.

Msosi sasa, hapa ndo vikundi vinagombana. Mkiwa wengi msiingie sehemu saa nane mchana mkataka kuku wa kienyeji, kuku anataka muda, pigeni simu asubuhi au mmoja apite kuweka oda. Mkitaka kahawa na kukaa kwa utulivu nendeni Neema Crafts, wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu, wahudumu wengine ni viziwi na oda unaandika kwenye karatasi, mimi napapenda mno. Na hela ya pamoja ishikwe na mtu mmoja, changeni kabla, sio kila bili ikija mnaanza kuangaliana.

Jioni pandeni jiwe la Gangilonga kabla jua halijazama, mji wote unauona chini. Vaeni viatu vya kushika na mbebe sweta kabisa, mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku haina utani.

Usiku mi nawashauri Kihesa, wanachuo wengi, nyama choma na muziki vipo. Chagueni sehemu moja mkae, mambo ya kuhama hama usiku na watu wengi ndo mnapotezana, na dada asirudi peke yake, bajaji mpatane bei kabla ya kupanda.

Mkija kipindi cha mvua mtakutana na ulanzi, kinywaji kinachogemwa kwenye mianzi. Ukigemwa leo ni mtamu kama juisi, wa siku mbili tatu ni pombe kamili, kwa hiyo muulizeni mwenyeji kwanza, na anayeendesha gari kesho asubuhi asiguse hata kikombe.