Nasoma Wapuritani katika ibada yangu ya alfajiri: je, niache?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu na mwalimu wa shule ya msingi. Nimeokoka, nasali katika kanisa la Kipentekoste. Rafiki yangu alinipa kitabu cha Thomas Watson kinachoeleza mafundisho makuu ya imani ya Kikristo, nami nimekuwa nikikisoma alfajiri kabla watoto hawajaamka. Kiongozi wetu wa kikundi cha nyumbani ananiambia mambo hayo ni ya wanafunzi wa chuo cha Biblia, hayana Roho, yatanikausha. Na kweli kuna siku nafunga kitabu nikiwa na mengi kichwani, lakini maombi hayatoki. Nilipofika kwenye sura za dhambi, nilianza hata kujiuliza kama nimeokoka kweli. Je, niache? Kama nisiache, nisomeje? Na watoto naweza kuwasomea?

JIBU: Amina, dada yangu. Usiache. Lakini badilisha namna ya kusoma, maana ukavu unaousema ni wa kweli na una chanzo chake. Kiongozi wako ameona dalili sahihi, ila sidhani amepata ugonjwa wenyewe.

Kwanza mfahamu huyo anayekaa nawe alfajiri. Watson alikuwa Mpuritani, yaani mmoja wa Waprotestanti wa Uingereza wa karne ya 16 na 17 waliotaka kanisa lao litakaswe zaidi kwa Neno. Alikuwa mchungaji wa kanisa la St Stephen Walbrook, katikati ya London. Mwaka 1651 alifungwa gerezani kwa kuhusishwa na njama ya kumrudisha mfalme, na mwenzake Christopher Love alikatwa kichwa kwa kesi hiyohiyo. Watson aliachiliwa. Kisha mwaka 1662 sheria ya Uingereza ikawataka wachungaji wote wakubali kila kitu kilichomo katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza. Karibu 2,000 walikataa na kupoteza makanisa, nyumba na mishahara, Watson akiwa miongoni mwao. Akaendelea kuhubiri kwa siri kadiri alivyoweza. Alifariki mwaka 1686, akiwa katika maombi yake ya faragha.

Kitabu unachosoma hakikutoka wakati wa uhai wake. Kilichapishwa 1692, nacho ni mahubiri. Chapa ya kwanza ilikusanya mahubiri zaidi ya 170 juu ya Katekisimu Fupi ya Westminster, yaani mafundisho ya imani yaliyopangwa kwa maswali na majibu. Siku hizi hugawanywa katika vitabu vitatu: mafundisho ya imani, Amri Kumi, na Sala ya Bwana. Yaani unachosoma peke yako kwenye taa kilisemwa kwanza kwa sauti mbele ya watu wenye madeni, wagonjwa na watoto wanaolia. Waliokipa jina kile kitabu cha kwanza waliweka ndani ya jina lenyewe neno la kuonyesha kwamba hiyo ni theolojia ya kutendwa. Mpuritani mwingine, William Ames, alifafanua theolojia kuwa ni fundisho la kuishi kwa ajili ya Mungu. Hapo utaona kwamba kuyatenga mafundisho na maombi ni jambo ambalo wao wenyewe wasingelielewa.

Sasa nije kwenye ukavu. Nadhani unasoma sura nzima kila siku, kama mtu anayesahihisha madaftari. Mahubiri ya Wapuritani yana mpangilio wake: kwanza andiko, kisha fundisho linalotoka katika andiko hilo, kisha sababu zake, na mwisho matumizi. Wengi tunachangamka kwenye fundisho, tunapiga mstari chini ya maelezo mazuri, na tukifika kwenye matumizi tumekwisha choka. Lakini kule kwenye matumizi ndiko mchungaji anakugeukia wewe: hili linakuonya nini, linakufariji wapi, ukaombe nini. Ukiona sehemu ya matumizi iko mbele, simama. Iache iwe kazi ya kesho yake nzima.

Watson mwenyewe alishalijibu swali lako. Alisema tunatoka katika kulisoma Neno tukiwa baridi kwa sababu hatukuota moto wa kutafakari. Wewe umezipanga kuni vizuri sana, dada yangu, halafu umeondoka bila kukaa ukaota. Zaburi 1 inamsifu mtu ambaye sheria ya Bwana ndiyo impendezayo, naye huitafakari mchana na usiku. Kutafakari hapo ni kulirudia neno kinywani na moyoni mpaka likolee.

Nikupe mfano mmoja wa kufanya nao kazi. Swali la 4 la katekisimu lauliza Mungu ni nini, na jibu linaanza: Mungu ni Roho, asiye na mwisho, wa milele, asiyebadilika. Chukua hilo moja tu, asiyebadilika. Fungua Malaki 3:6: “Kwa kuwa mimi, BWANA, sina kigeugeu, ndiyo maana ninyi hamkuangamizwa, enyi wana wa Yakobo.” Soma mara tatu kwa sauti. Kisha jiulize mbele zake: wiki hii nimembadilikia nani? Nimembadilikia mume wangu, nimewabadilikia wanafunzi, nimembadilikia hata Mungu, Jumapili nikiimba na Jumanne nikinung’unika. Na yeye? Amebaki vilevile kwangu tangu siku aliyoniita. Angalia pia ile “ndiyo maana”. Uhai wa wana wa Yakobo umening’inia kwenye tabia ya Mungu, hata wao walipokuwa vigeugeu. Ukifika hapo maombi hayatafutwi, yanakuja yenyewe. Dakika ishirini zimekwisha na umesoma neno moja la katekisimu na mstari mmoja wa Biblia, basi. Siku hiyo umekula. Na uombe kwa lugha inayokutoka moyoni, kiwe Kiswahili au lugha ya kwenu. Kiingereza cha kale cha kitabu hicho ni cha kusomea tu, usikipeleke magotini.

Kuhusu kujiuliza kama umeokoka, hapa niseme taratibu, maana nimeona watu waaminifu wakiumia. Wapuritani walikuwa mabingwa wa kuchunguza moyo. Walikuwa na haki ya Kimaandiko, kwa kuwa Paulo anaagiza katika 2 Wakorintho 13:5, “Jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani.” Lakini walihubiria taifa ambalo karibu kila mtu alibatizwa mtoto na kuhesabiwa Mkristo, na wengi walilala usingizi mzito juu ya jina hilo. Waliwapigia kelele waliolala. Ukiwa uko macho tayari, na dhamiri yako ni nyepesi, kelele ileile inaweza kukutisha kupita kiasi.

Dawa imo katika katekisimu yenyewe. Linganisha swali la 33 na la 35. La 33 linasema kuhesabiwa haki ni *tendo* la neema ya Mungu. La 35 linasema utakaso ni *kazi* ya neema ya Mungu. Tendo hufanyika mara moja likaisha, kama hakimu anapotangaza kwamba huna hatia. Kazi huendelea siku kwa siku, kama kulima shamba lenye magugu. Unapoangalia magugu yaliyobaki moyoni na kusema “basi sikuhesabiwa haki”, umelichukua la 35 ukalihukumia la 33. Usifanye hivyo. Warumi 8:1 inasema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, na Paulo anaiandika mara tu baada ya sura ya 7, alikolia kuhusu dhambi iliyo ndani yake. Na kati ya maswali hayo mawili kuna la 34, juu ya kufanywa wana. Ruka mbele uende huko sasa hivi, ukae juma zima, ndipo urudi kwenye sura za dhambi ukiwa mtoto aliye nyumbani mwa baba yake.

Ukihitaji mwandishi mwingine wa kuandamana na Watson kipindi hiki, mtafute Richard Sibbes. Alitoa kitabu kidogo mwaka 1630 juu ya Isaya 42:3: “Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima.” Richard Baxter, ambaye baadaye alikuja kuwa mchungaji mkubwa kule Kidderminster, anasimulia kwamba yeye alipokuwa kijana, mchuuzi mmoja maskini alipita mlangoni kwao, baba yake akanunua kitabu hicho, nacho kikamfungulia upendo wa Mungu. Mchuuzi yule hata jina lake hatulijui.

Juu ya neno la kiongozi wako kwamba mambo haya hayana Roho: Mpuritani John Owen aliandika kitabu kinene mno kuhusu Roho Mtakatifu, cha mwaka 1674. Lakini sitakuficha, wewe kama Mpentekoste utakuta kwamba Wapuritani kwa kawaida waliamini karama za ajabu zilikoma baada ya mitume. Utakutana pia na uchaguzi wa Mungu kabla ya misingi ya ulimwengu, na ubatizo wa watoto wachanga. Na hawakukubaliana kila jambo wao kwa wao: mhubiri John Bunyan aliandamana na Wabaptisti, wasiobatiza watoto wachanga, na mafundisho ya Baxter juu ya kuhesabiwa haki yalipingwa na Owen. Wasome kama Waberoya walivyomsikiliza Paulo, wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Biblia ifunguliwe kabla ya Watson, kila alfajiri. Siku ambayo muda ni wa kitu kimoja tu, isomwe Biblia.

Liko pia jambo zito ambalo sisi Waafrika hatuna ruhusa ya kulipita kimya. Mwaka 1706 washirika wa Cotton Mather, mchungaji wa Kipuritani kule Boston, walimnunulia mtumwa Mwafrika kama zawadi, naye akamwita Onesimo. Mtu aliyeifahamu barua kwa Filemoni, ambamo Paulo anaomba mtumwa Onesimo apokewe kama ndugu, alimiliki binadamu na kumpa jina lililotoka katika barua hiyohiyo. Hiyo ni dhambi, na elimu yao haiifuti. Wapo waliosema tofauti: Baxter mwaka 1673 aliwahesabu wanaokamata watu wa Afrika na kuwafanya watumwa kuwa maharamia, na Samuel Sewall wa hukohuko Boston aliandika mwaka 1700 kuupinga utumwa. Nakueleza haya ili usije ukamweka mwalimu yeyote mahali pa Kristo. Mtu anaweza kueleza utakatifu wa Mungu vizuri kuliko sisi sote, na bado asiione dhambi inayopika chakula chake jikoni. Jiulize na yetu iko wapi.

Watoto, ndiyo, wasomee, ila si mahubiri. Wape katekisimu yenyewe, ambayo tangu mwanzo ilitungwa kwa ajili ya wanaoanza kujifunza. Wenzetu wa kanisa la Presbyterian Kenya wanaifahamu. Ina maswali 107. Swali moja kwa juma ni miaka miwili na majuma machache. Jumatatu usiku baada ya kula, uliza: “Lengo kuu la mwanadamu ni nini?” nao wajibu kwamba ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Mdogo aseme neno moja tu, “kumfurahia”. Mkubwa atafute andiko. Baba yao, akiwepo, aombe kwa jibu hilohilo. Mkikosa juma kwa sababu ya msiba au safari, msirudi nyuma kulipa deni, endeleeni mlipoishia.