Herufi R iliyonipeleka mahabusu

Mimi ni mchora vibao. Kama umewahi kupita Chikongola, hapa Mtwara mjini, ukaona jina la saluni limeandikwa kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, na herufi R imeburuta mkia kama kenge, hiyo ni kazi yangu. Mkia huo ndio ulionikamatisha.

Maandamano ya gesi ya 27 Desemba 2012, ya kupinga gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, yalipita kwa amani. Watu walibeba maboksi waliyoyaandika wenyewe kwa mkaa, herufi zimepinda, nyingine zimeishiwa nafasi ukingoni. Niliona aibu. Mji una fundi, halafu watu wanabeba maandishi ya namna ile? Basi mwanzoni mwa 2013 nikachora mabango matano ya kitambaa, bure, kwa rangi iliyobaki kwenye kazi ya mteja, Mungu anisamehe.

Kisha ikaja 22 Mei. Bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikasomwa Dodoma, ikawa wazi kwamba bomba linakwenda Dar es Salaam, na mji ukawaka moto. Daraja la Mikindani likavunjwa, wanajeshi wakaletwa, watu wakafa. Mimi nilikuwa nimejifungia ndani na wanangu, sikurusha hata kokoto. Siku chache baadaye walikuja watu wawili. Jina langu hawakuliuliza. Walitazama picha ya bango kwenye simu, wakatazama kibao cha kinyozi jirani, wakarudi kwenye simu.

"R hii ni ya kwako?"

Nililala mahabusu usiku mbili. Swali lilikuwa moja: nani amekulipa? Hakuna aliyesadiki kwamba fundi wa Mtwara anaweza kuchora kitu bure. Nilitoka bila kushtakiwa, ila kwa mwaka mzima wateja walinipita kwa mbali.

Vijana wanaojifunza brashi kwangu huniuliza namna ya kusema bila kuumia. Njia isiyo na maumivu kabisa sina. Nina niliyojifunza baadaye, na mengi niliyatoa kwa marehemu babu yangu mzaa mama, mtu wa Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kule Wareno walikowamiminia risasi watu waliokusanyika tarehe 16 Juni 1960.

Babu alicheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Mchezaji huvaa kinyago cha mti kichwani, mwili wote umefunikwa nguo, asijulikane ni nani. Vinyago vingine vilichongwa sura ya Mreno mtawala, na mchezaji akamwigiza anavyotembea, anavyotoa amri, anavyojikuna. Watu wakacheka hadi machozi. Nilimuuliza babu, hamkuogopa kutajwa? Akasema mti haumfichi mtu, mjukuu wangu. Kinachomficha ni kijiji. Waliopita jandoni walijua aliyemo ndani, na wote walinyamaza.

Sasa chukua simu yako. Kundi la WhatsApp lina watu mia mbili, wote wameingia bila jando. Ukituma mchoro wako humo umevaa kinyago mbele ya watu wasiokula kiapo. Kwa hiyo kazi kali iishi kwanza mahali penye watu wako: kibarazani, ngomani, kwenye mkeka wa kina mama. Ikipendwa itatembea yenyewe.

Na usipige picha uso wa mwenzako kwenye maandamano ukaurusha mtandaoni. Wewe umeamua, yeye hujamuuliza.

Sheria nayo isome, hata kama inakuudhi. Maandamano yanatakiwa yatolewe taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla. Toeni, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ndiyo maana siandiki takwimu nisiyoweza kuionyesha. Namba ya wakili na ya ndugu mmoja mwenye akili iliyotulia iwe kichwani mwako, maana simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Kuhusu matusi: achana nayo. Sisemi hivyo kwa ajili ya adabu. Tusi linampa mkubwa nafasi ya kulia yeye, na kilio chako kinasahaulika.

Msimu wa 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likazibeba, wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai aliniomba nimpambie ukuta. Nikamchorea mkorosho, chini yake mzee kakaa na karatasi mkononi, na buibui ametanda kutoka kwenye karatasi hadi kidevuni kwake. Sikuandika neno, hata herufi R haipo. Wakulima waliuelewa kabla chai haijapoa. Maofisa nao walikuja wakaagiza chapati, wakakaa palepale chini ya mzee, mmoja akasifu majani ya mkorosho yalivyotoka.

Mvua za mwaka jana zimeubabua ukuta. Mama kanipigia juzi nikaupake upya, na ana ombi moja: buibui aongezwe tumbo.