Fungu la ndizi na chuño sokoni Lares

Wiki iliyopita mliuliza kama ni kweli kwamba Wainka, watu wa milima ya Andes huko Amerika Kusini kabla ya Waspania kufika, walitawala milki kubwa bila fedha wala biashara. Swali hilo limenigusa, kwa sababu mara nyingi tunadhani kwamba pasipo na sarafu hapana biashara. Mimi ningependa kwanza tuulize ni nani aliyekuwa akipima, na kama aliyepimiwa aliweza kukataa.

Nilipata kwenda Peru kwa mafunzo ya kilimo cha viazi, na asubuhi moja tulipelekwa Lares, bonde lililo kaskazini mwa Cusco, ambako wanawake bado hubadilishana mazao bila pesa. Mama mmoja aliyeteremka kutoka milimani alikuwa ametandaza chini kitambaa chenye chuño, yaani viazi vilivyoachwa nje usiku vigande kwa baridi, vikakanyagwa kwa miguu hadi vikatoa maji, kisha vikaanikwa juani hata vikawa vyepesi kama magunzi. Mwenzake wa bondeni alileta ndizi. Hakuna aliyetaja bei. Huyu wa bondeni aliweka fungu moja. Yule wa milimani akachota chuño kwa viganja vyote viwili, akamimina, akanyamaza. Mwenye ndizi hakugusa kitu, alitazama tu. Zikaongezwa chuño nyingine, akaendelea kutazama. Mwishowe ikaja konzi moja ndogo, ambayo wenyewe huiita yapa, na ambayo kila aliyewahi kununua dagaa kwa kopo anaijua kuwa ni nyongeza. Hapo ndipo ndizi zilipohama. Nilisimama pale hadi mkalimani aliponiita mara ya tatu, nikiamini kwamba nimeiona biashara ya Wainka ingali hai.

Nilikusudia kuwaandikia hivyo hivyo. Lakini kadiri ninavyoandika, ndivyo ninavyoona kwamba mwenye ndizi aliweza kuondoka na ndizi zake, ilhali mkulima chini ya Wainka hakuwa na nafasi hiyo mbele ya dola, yaani serikali yao. Yeye alidaiwa nguvu zake, kwa zamu iliyoitwa mit'a: alilima mashamba ya dola, akajenga barabara, akabeba mizigo. Huko Cochabamba, katika Bolivia ya leo, mtawala Huayna Capac aliweka wafanyakazi wapatao 14,000 walime mahindi, na karibu na hapo, Cotapachi, yalijengwa maghala yapatayo 2,400. Hesabu zilitunzwa kwa mafundo ya khipu, yaani kamba za kuhesabia, na chakula kikatolewa kwa askari. Nyumbani nako, jamii moja iliweza kuwa na watu wake juu kwenye viazi na wengine chini kwenye mahindi au koka, hivyo mazao yalipita kwa ndugu bila kufika sokoni.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo silo nililoanza nalo, ni kwamba kwa wakulima wengi wa milimani biashara ilikuwa jambo dogo, pengine la kubadilishana vitu vichache na majirani. Sisemi hivyo kuhusu pwani na kaskazini. Mwaka 1526, Waspania walikutana baharini, karibu na Ekwado, na chelezo kikubwa chenye tanga, kimesheheni vitambaa na mapambo ya fedha na dhahabu ya kubadilishana na makombe mekundu ya baharini. Waliokuwamo, pamoja na wachuuzi wa Chincha, kwenye pwani ya Peru, nawaita wafanyabiashara bila kusita, ingawa sitathubutu kuwaita wote Wainka.